Rangi ya Kumi na Saba

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyeniachia macho ya kutenganisha nyuzi mpaka umri huu, na aliyezifanya rangi za watu na ndimi zao kuwa mbalimbali ili tumtambue Yeye, si ili tuchekane. Sifa zote ni zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wake. Baada ya hayo nasimulia jambo lililotokea kazini kwetu, miaka michache iliyopita, ambalo kila nikilikumbuka nasema tena, sifa zote ni zake.

Wakati ule tulikuwa mafundi kumi na mmoja kwenye kibaraza kimoja kirefu, nyuma ya soko la Kamembe. Nyuma ya cherehani yangu kuna ubao ambao ni mkubwa kwa umri kuliko karibu wote wanaokaa pale. Aliyeutengeneza ni marehemu baba yangu. Aliupigilia misumari kwa safu, na kwenye kila msumari akazungusha uzi wa rangi moja, na chini ya kila uzi pakaandikwa jina. Rangi ni ishirini na mbili.

Baba alisoma madrasa na hakusoma kwingine. Aliamini kwamba kisichokaa kifuani hakijajulikana. Ndiyo maana aliweka desturi ambayo bado tunaifuata: anayekuja kujifunza kushona haanzi na cherehani. Anaanza na ubao. Anapiga pasi, anafagia vipande, anashona vifungo kwa mkono, huku anajifunza rangi. Siku ikifika anasimama mbele yetu sote, mgongo kwa ubao, uso barabarani, na kuzitaja rangi kwa mpangilio, ya kwanza mpaka ya mwisho, bila kuruka hata moja. Akimaliza, tunamvutia kiti kwenye cherehani. Akishindwa mara tatu, tunamshukuru na anarudi kwao. Mgeni huona ni mchezo. Lakini kwetu fundi akiita, “Nirushie ya tisa,” uzi unaruka bila mtu kuinua kichwa, na mteja akieleza tu kitambaa alichokiacha nyumbani, tunajua uzi wake.

Majina yale yalitoka kwenye maboksi ya uzi. Yalikuwa Kifaransa, tukayalainisha kwa ndimi zetu: ruji, bule, maro, shere. Ya kumi na saba ilikuwa rangi ya udongo mzito uliokolea sana, hatua moja tu kabla ya nyeusi. Kwenye boksi iliandikwa kwa Kifaransa “kichwa cha mtu mweusi”, ila mahali pa “mtu mweusi” palikuwa na lile neno ambalo waliowanunua na kuwauza babu za watu walikuwa wakiwaitia. Sitaliandika hapa. Anayelijua ameshalitambua, na asiyelijua hajapoteza kitu.

Aliyeyaandika majina hayo chini ya nyuzi ni mimi. Nilikuwa kijana, nimetoka kujifunza Kifaransa kwa mapadri, na baba alijivunia hati yangu. Alinisomesha boksi moja moja, na mimi nikaandika kwa wino mweusi. Tulipofika la kumi na saba aliligeuza mkononi. Mikono yake, chini ya mikunjo ya shati, ilikuwa ya rangi ile ile ya uzi ule.

“Hili linasema nini?” akaniuliza.

Nililijua. Padri mmoja alikuwa amelitumia darasani, na si kwa kutaja uzi.

“Ni jina la rangi tu, Baba.”

“Basi liandike vizuri.”

Nililiandika vizuri. Baba akalifundisha kwa miaka mingi, kwa sauti yake ya kufundishia, ile aliyoitumia pia kuwafundisha watoto sala. Alikufa bila mimi kumwambia. Nilisema moyoni ni jambo dogo, na mambo madogo hayasumbui maiti. Yalinisumbua mimi.

Ndipo akaja yule mama. Alikuwa amelelewa Bukavu na kurudi Rwanda akiwa mtu mzima, Mkristo wa kanisa la karibu na ziwa, mama wa watoto wanne. Kwa miaka mingi alibeba mizigo ya watu kwenye mpaka wa Ruhwa, magunia ya unga na ya vitunguu, mpaka mgongo ukakataa. Daktari alimwambia asibebe tena kitu kizito kuliko ndoo. Alikuja kwetu akasimama wima, kama mtu anayeogopa kuinama, akasema, “Mzee, mimi nahitaji kazi ya kukaa.” Tulikuwa na cherehani moja isiyo na mtu. Nikamwambia kuhusu ubao.

Alijifunza upesi. Nilimsikia akinong’ona majina huku akipiga pasi, kama watu wanavyonong’ona rozari. Vifungo vyake havikulegea. Baada ya wiki tatu akasema yuko tayari.

Akasimama, mgongo kwa ubao. Alikuwa mtu mweusi sana, mweusi wa kung’aa, na siku ile alikuwa amevaa blauzi nyeupe aliyoipiga pasi mwenyewe. Akaanza. Ya kwanza, ya pili, ya tano, ya kumi. Sauti ilikuwa tulivu. Ya kumi na sita. Akanyamaza. Kisha akaendelea na ya kumi na nane mpaka mwisho.

Jirani yangu wa kushoto, fundi wa suruali, ambaye mdomo wake hutangulia sindano yake, akacheka. “Maman, umeruka moja. Na hiyo ndiyo ungeikumbuka kuliko zote. Si umeivaa toka uzaliwe?”

Kibaraza kizima kikacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitabasamu.

Yeye hakugeuka. Akasema, “Sikuisahau, Papa. Nimeiacha.”

Mara ya kwanza ikahesabiwa kuwa imepotea. Siku tatu baadaye akasimama tena, na tena akafika kumi na sita, akanyamaza, akaruka. Safari hii watu walicheka kidogo zaidi. Nilimwita pembeni, kwenye meza ya pasi.

“Maman, imebaki mara moja,” nikamwambia. “Desturi siyo yangu, niliikuta. Sema neno moja ukae kwenye kiti.”

“Mzee, hilo neno njo balikuwa bananiita ku masomo,” akasema kwa Kiswahili chake cha Bukavu. “Mwalimu alianza, batoto bakafuata. Ku mpaka pia, wenye kupakia magari. Nikilisema hapa, sasa ni miye mwenyewe najiita.”

“Lakini si mimi niliyelitunga. Liko kwenye boksi. Wanaotuuzia uzi Bukavu wanaijua rangi hivyo. Tukilibadilisha tutaagizaje uzi?”

Aliinua pasi, akaitazama chini kama inaunguza, akairudisha.

“Boksi haina kinywa, Mzee. Kinywa ni chetu.”

Nilimwambia asubiri Jumatatu. Alifunga kitambaa chake kichwani akaondoka, na nilijua maana ya Jumatatu kwake: ama kiti, ama magunia ya Ruhwa juu ya mgongo uliokwisha kukataa.

Ijumaa, baada ya swala, watu wakatoka na mimi nikabaki nimekaa. Nilifundishwa tangu mdogo kwamba tusiitane kwa majina mabaya. Nimewafundisha hilo watoto wa mtaa mzima, nikiwa nimekaa kwenye mkeka ule ule. Na nyuma ya cherehani yangu limetundikwa jina baya kwa hati yangu nzuri, na kila anayetaka riziki lazima alitamke. Nilikaa mpaka mwadhini akaja kuniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia hapana, ninapona.

Jumamosi asubuhi nilishuka kwa moto, pikipiki ya abiria, mpaka Cyangugu, nikavuka daraja la Rusizi kwa miguu. Mimi si mtu wa kuvuka sana siku hizi, magoti yamekuwa na maoni yao. Lakini nilitaka kumwona mama anayetuuzia uzi Bukavu, maana kwa miaka mingi nilikuwa naagiza kwa simu tu, na kutuma wengine kuchukua.

Duka lake ni jembamba, limejaa bobini za uzi mpaka dari. Aliponiona alipiga makofi.

“Mzee wa Kamembe. Nilisema umekwisha kufa na watu wananificha.”

“Bado, Maman. Nimekuja kwa rangi moja.”

Nikatoa uzi mfupi niliokuwa nimeukata kwenye ubao, nikauweka kaunta. Hakuugusa hata. Akalitamka lile neno kwa sauti kubwa kuelekea ndani ya duka, kama mtu anayeita mbuzi, na katoni ikaletwa. Lilikuwa limeandikwa pale juu, kwa kalamu nzito ya bluu.

“Nifungulie,” nikasema.

“Unaogopa nimekuwekea mawe?”

Akafungua. Nikatoa boksi moja dogo la ndani, lile linalotoka kiwandani. Nikavaa miwani. Nikaligeuza pande zote sita. Palikuwa na namba. Namba tu. Nikachukua la pili, na la tatu. Namba.

“Maman, lile jina liko wapi?”

“Jina gani?”

“La rangi. Hapa kuna namba tu.”

“Ah, hilo kiwanda kiliondoa kitambo sana. Mbele kifungua mimba wangu azaliwe, na sasa ameshaoa.”

“Na hapa juu ya katoni, nani ameandika?”

“Ni miye.”

“Kwa nini?”

Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyeamini kweli sasa kwamba nimezeeka. “Mzee, ni ju yenu ba Kamembe. Nilibatumia mara moja na namba tu. Mukarudisha katoni mzima. Mukasema si yenyewe, munataka ile yenye jina. Tangu siku hiyo naandika kwa mkono wangu. Mteja ni mfalme.”

Nilitafuta mahali pa kukaa. Kulikuwa na gunia la vitambaa, nikalikalia. Nilikuwa nimekumbuka. Katoni ile niliirudisha mimi. Nililinganisha boksi na ubao, nikakuta jina halipo, nikasema tumedanganywa. Sikufungua hata bobini moja kuutazama uzi.

Sisi Kamembe tulisema, ni Bukavu. Bukavu wakasema, ni Kamembe. Wote tulisema, ni kiwanda. Na kiwanda, huko kiliko, kilikuwa kimekwisha kuona haya na kuliacha. Neno lile lilikuwa halina mwenyewe tena duniani ila mimi na mama huyu na kalamu yake ya bluu.

Nilitarajia kuhuzunika, lakini furaha ndiyo iliyonijia. Mlango niliodhani umefungwa kwa nje ulikuwa umefungwa na kiti changu mwenyewe.

“Maman, nipe hiyo kalamu.”

Nikalifuta jina kwa mistari minene mpaka katoni ikakaribia kutoboka.

“Sasa niandike nini?” akauliza.

“Usiandike kitu mpaka nikupigie simu.”

“Na mukirudisha tena?”

“Hatutairudisha.”

Jumatatu mafundi wote walikuwapo mapema, maana habari ya mara ya tatu ilikuwa imeenea hadi kwa wauza viatu. Yule mama alikuwapo pia, na mfuko wake umeshafungwa, kama mtu aliyejua atarudi kwenye magunia. Nilisimama. Nikaushusha ubao, nikauweka juu ya meza ya kukatia. Nikawaeleza nilichokiona Bukavu, bila kupunguza sehemu yangu. Kisha nikawaambia lile ambalo sikuwa nimemwambia mtu: siku baba aliponiuliza maana, na nilichomjibu.

“Niliiona mikono yake nikaona haya kumwambia,” nikasema. “Leo namwambia. Baba, lilikuwa tusi.”

Nikachukua wembe wa kufumulia, nikakwangua. Wino ule ulikuwa mzuri, uliingia ndani ya mbao. Nilikwangua mpaka mbao ikawa nyeupe. Fundi wa suruali akaja akapuliza unga wa mbao, akafuta mahali pale kwa kiganja.

“Sasa ni tundu,” akasema. “Rangi haiwezi kuitwa tundu.”

Hapo midomo ikafunguka. Mmoja akasema tuite namba. Wakamzomea: namba ni ya jela. Mwingine akasema shokola, rangi ya chokoleti. Mwingine akasema kahawa iliyokaangwa sana kwenye chungu cha udongo, wakamwambia mpaka amalize kuitaja, gauni limeshashonwa. Nikamgeukia yule mama, ambaye hakuwa ameweka mfuko wake chini.

“Maman, wewe ndiye uliyeiacha. Wewe iite.”

Alikuja mezani akaugusa uzi wa kumi na saba.

“Asali,” akasema.

Fundi wa suruali akaangua kicheko. “Asali ni ya njano, Maman. Kila mtu anajua.”

“Ile munakula nyinyi njo ya njano, Papa. Banaichanganya na sukari.”

Walicheka sana, na safari hii hawakumcheka yeye. Akatueleza kwamba baba yake alifuga nyuki kwenye milima ya juu ya Bukavu, karibu na msitu, na asali ya huko hutoka nyeusi kama usiku usio na mwezi. Baba yake aliinua chupa mlangoni kwenye jua kuona kama imeiva, kisha alimwita yeye, binti yake, akauweka mkono wake kando ya chupa na kusema, “Tazama, zimetoka mzinga mmoja.” Hiyo ilikuwa kabla hajaanza masomo, kabla ya yule mwalimu.

Fundi wa suruali hakukubali kwa maneno. Ni mtu wa vipimo. Basi Jumanne yule mama akaja na chupa ya asali ile aliyokuwa nayo nyumbani, imefungwa kwa gazeti. Akaiweka juu ya meza ya kukatia, kwenye jua. Fundi wa suruali akachukua bobini ya kumi na saba, akafungua uzi, akauzungusha shingoni mwa chupa mara tatu. Kisha akainama. Akatuita tuje tutazame.

Uzi haukuonekana. Ulikuwa umeingia ndani ya asali.

“Haya,” akasema polepole. “Mimi nimeshindwa. Simama, Maman.”

Akasimama, mgongo kwa ubao, uso barabarani. Wauza viatu walisogea. Mama mmoja wa ndizi akaweka kikapu chini. Akaanza, ya kwanza, ya pili, ya tano. Nilijikuta natembeza midomo pamoja naye, kama tunavyofanya mtoto anapohitimu sura. Ya kumi na tano. Ya kumi na sita. Alivuta pumzi.

“Ya kumi na saba, asali.”

Akaendelea bila kusimama mpaka ishirini na mbili. Sikumaliza kusikia, maana wale wa viatu walikuwa wanapiga makofi. Fundi wa suruali ndiye aliyevuta kiti. Alikifuta vumbi kwanza, kwa shati lake. Yule mama akakaa taratibu, kama watu wenye mgongo mbovu wanavyokaa, akaweka mkono kwenye gurudumu la cherehani na kulizungusha mara moja, bila kitambaa, kulisikia tu. Kisha akaondoa mfuko wake begani akauweka chini.

Jina nililiandika mimi, kwa wino, kwenye ule weupe. Mkono wangu sasa unatetemeka, hati si ile ya ujana. Naipenda zaidi hii.

Kumbe wembe ukishaanza haulali. Juma lile lile fundi wa suruali alikuwa anatafuta uzi wa nne, ule tuliouita shere, ambayo kwa Kifaransa ni rangi ya mwili. Ni rangi ya waridi iliyopauka. Akauvuta mbele ya macho, kisha akaulaza juu ya mkono wake, kisha juu ya mkono wangu, kisha akapita kibaraza chote, fundi kwa fundi, mikono yote kumi na miwili sasa.

“Mzee,” akasema, “mwenye mwili huu hajawahi kukaa hapa.”

Sasa unaitwa unga wa mtama, na yeye ndiye aliyeuita.

Bukavu nilipiga simu. Mama wa uzi alinitajisha jina mara mbili, akacheka, akasema asali ni nzuri, itauzika. Katoni ya kwanza ilipofika tulikusanyika kuitazama kama watu wanaopokea bibi harusi. Ile kalamu ya bluu, ule mkono mkubwa: ASALI. Na baadaye akaniambia mafundi wa kwao pia wameanza kuuita hivyo, wengi bila kujua kwamba uliwahi kuitwa jina lingine. Nikamwambia hiyo ndiyo sala yangu.

Siku hizi ubao sifundishi mimi. Anafundisha yeye. Ana sauti ya kufundishia, na mara nyingine nikiwa nimeinamia mshono naisikia na kudhani ni baba. Juzi binti mmoja alisimama akazitaja zote ishirini na mbili, na alipofika kumi na saba alitaja asali haraka akapita, kama neno lolote la kawaida. Hakuna aliyeinua kichwa. Yule mama tu ndiye aliyenitazama, na mimi nikamtazama, kisha tukarudi kushona.

Chupa bado iko juu ya rafu, na uzi wake shingoni. Asali iliyokuwamo tumekwisha kuila.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akufungulie kila mlango unaodhani umefungwa na wengine. Auhifadhi ulimi wako na jina baya, na masikio ya wanao yasilisikie. Akupe kazi ya kukaa siku mgongo utakapochoka, na watu wa kukuvutia kiti. Amina.